Barafu Haingoji Mpiga Picha

Katika habari za Wilson Bentley, kinachosumbua ni kisu kidogo. Mengine yanajulikana na yanapendeza: mkulima wa Jericho, jimbo la Vermont nchini Marekani, aliyezaliwa mwaka 1865, ambaye tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, alifanikiwa kupiga picha ya chembe moja ya theluji kupitia hadubini. Hadi anafariki alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Fuwele zake nyeupe zenye pembe sita, juu ya weusi mithili ya usiku, ndizo zilizoufundisha ulimwengu sura ya theluji. Lakini weusi ule kamera haikuuona. Bentley aliuweka kwa mkono wake, kwa kukwangua. Anayelijua hilo hawezi tena kuzitazama picha zile bila kujiuliza kama ni picha au ni michoro.

Kwanza ieleweke barafu ni kitu kigumu kiasi gani mbele ya kamera. Anayepiga picha za vitu vilivyotulia, kiwe chungu, papai au kiatu, ana neema moja: kitu chake kinamngoja. Anaweza kusogeza taa, akanywa chai, akarudia. Barafu haina subira hiyo. Bentley alianza kwa kuchora fuwele alizoziona kwenye hadubini aliyopewa na mama yake, akakuta zinayeyuka kabla penseli haijamaliza. Ndipo alipoitafuta kamera. Alifanya kazi katika banda lisilo na moto, akaikinga theluji kwa kibao kilichopakwa rangi nyeusi. Akiona fuwele iliyompendeza, aliinyanyua kwa kijiti chembamba, akaiweka juu ya kioo na kuilaza taratibu kwa unyoya, pumzi ameibana, maana pumzi moja ya joto ingeharibu kila kitu. Hata kwenye baridi kali fuwele huendelea kupungua, kwa kuwa barafu hugeuka mvuke bila kupitia maji, na ncha zake ndizo hutangulia kuliwa. Kisha aliielekeza kamera dirishani ili mwanga upite ndani ya fuwele, akaiacha lenzi wazi kwa sekunde kadhaa, mara nyingine zaidi ya dakika nzima.

Hapo ndipo kisu kinapoingia. Barafu haina rangi. Weupe wa theluji hutokana na mwanga unaotawanywa na nyuso ndogo zisizohesabika. Fuwele moja ikiwa peke yake ni angavu kama kioo cha dirisha. Ukipitisha mwanga ndani yake, picha inatoka mistari ya kijivu juu ya weupe, na jicho linapapasa lisijue barafu imeishia wapi na hewa imeanzia wapi. Kwa hiyo Bentley alitoa nakala ya negativu, ile sahani ya kioo iliyopakwa dawa ya kunasa mwanga. Kwenye negativu mambo hupinduka, na hewa nyeupe inayoizunguka fuwele huonekana nyeusi. Kwa kisu chenye ncha kali alianza kuikwangua dawa hiyo, akifuata kila ukingo, akiingia katika kila mwanya kati ya tawi na tawi. Alipokwangua, kioo kilibaki kitupu. Na picha iliposafishwa, pale palipokuwa patupu pakatoka peusi tii. Chukua fuwele ya umbo la nyota: matawi makuu sita, kila tawi limeota vitawi kushoto na kulia kama nyuzi za unyoya, na kila kitawi kina kingo mbili za kufuatwa. Mkono ukitetemeka, kitawi kimekwenda. Mikono iliyofanya kazi hii ndiyo hiyo hiyo iliyokamua ng'ombe na kubeba majani makavu.

Mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, Gustav Hellmann, hakuvutiwa. Kitabu chake cha mwaka 1893, chenye picha za Richard Neuhauss, kilionyesha theluji yenye kasoro zake, pande zisizolingana na ncha butu, na alimshutumu Bentley kwamba anaziharibu kingo za fuwele. Shutuma hiyo ina uzito, kwa kuwa mkono unaoufuata ukingo ndio huo huo unaoamua ukingo uko wapi. Bentley alijibu kwamba mwanasayansi wa kweli hutaka kwanza picha zake zifanane na maumbile kadiri inavyowezekana, na ikiwa kuzirekebisha kunasaidia hilo, basi ni halali. Ni rahisi kuliona jibu hilo kuwa ni la kujitetea tu. Lakini turudi kwenye kile kibao cheusi. Alipoikinga theluji bandani, kabla ya kioo na kabla ya dirisha, jicho lake liliona weupe juu ya weusi. Kamera, kwa kulazimika kupitisha mwanga ndani ya barafu, ilikigeuza kitu hicho kuwa kivuli hafifu. Kisu kilirudisha kile ambacho jicho lilikuwa limekwisha kukiona. Kwa kipimo hicho, usuli uliokwanguliwa uko karibu na ukweli kuliko usuli ambao kamera iliutoa bila kuguswa.

Kosa la Bentley, kama lipo, lilitangulia kisu. Liko palepale kwenye kibao, alipochagua. Theluji nyingi inayoanguka imevunjika, imegandana au imepinda. Kenneth Libbrecht, mwanafizikia wa Caltech anayeotesha fuwele maabarani, ameeleza kwamba zile zilizolingana pande zote sita ni chache mno. Huko Hokkaido, Japani, Ukichiro Nakaya, aliyevutwa na picha za Bentley, alichukua njia nyingine: alizipanga fuwele za kila aina, mbaya kwa nzuri, na mwaka 1936 akaotesha fuwele juu ya unywele wa sungura, akaonyesha kwamba umbo hufuata joto na unyevu wa hewa. Atasema mtu kwamba hata muuza maembe hutanguliza yaliyo mazuri. Ni kweli, lakini mnunuzi anajua yapo mengine chini. Msomaji wa kitabu cha Bentley cha mwaka 1931, chenye picha zaidi ya 2,400, hakuziona zile zilizofagiliwa kibaoni.

Je, tumhukumu kama mdanganyifu? Mwaka 1925 alimweleza mwandishi mmoja kwamba kazi hiyo ilimgharimu dola 15,000 na kumrudishia chini ya dola 4,000. Mazungumzo hayohayo ndiyo yaliyobeba kiini cha maisha yake: fuwele ikiyeyuka, alisema, umbo lake limepotea milele, na uzuri huo umeondoka bila kuacha kumbukumbu. Mtu anaweza kusema hasara haithibitishi uaminifu, kwa kuwa wapo wanaodanganya kwa kupenda uzuri tu. Ni kweli, na ndiyo maana ushahidi wenye nguvu ni mwingine: kisu kilipita kwenye nakala. Negativu ya kwanza aliiacha ilivyo. Aliyejua anapotosha angeanza kwa kuiharibu hiyo. Yapo ambayo picha zake hazijibu. Kwa kila fuwele iliyobaki, ngapi zilitupwa? Na katika maelfu ya vitawi, ni mara ngapi mkono uliochoka ulikata barafu badala ya hewa?

Bentley alifariki tarehe 23 Desemba 1931 kwa homa ya mapafu, wiki chache baada ya kitabu chake kutoka. Leo kila mwenye simu ana kisu kile mfukoni: kufuta usuli kunachukua sekunde moja. Mpiga picha asione haya kukitumia, mradi awe ametazama kwa makini kitu chake kabla hakijayeyuka. Ila picha ya kwanza, ile isiyoguswa, aitunze.