Povu la Bei Chee

Baba alikuwa akinyoa Ijumaa asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mnazi wa jirani. Alitundika kioo kwenye msumari wa dirisha la uani, akaweka bakuli la bati lenye maji moto juu ya kigoda, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika taulo. Wembe ulikuwa wa mwisho kuguswa. Kwanza alijikanda kidevu kwa kitambaa chenye maji moto, mara mbili, mara tatu, ndipo akachukua brashi. Nikimuuliza mbona anachelewa, jibu lilikuwa lile lile: "Ndevu kavu ni waya, mwanangu. Ziloweke kwanza."

Nilipoota zangu, sikumfuata. Madukani zilikuwa zimejaa mashine za plastiki za kutumia na kutupa, pamoja na povu la kopo linalotoka kwa kubonyeza. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilinyoa kwa dakika mbili, na kwa miaka hiyo yote shingo yangu haikuishiwa vipele. Nilidhani ni joto la Dar es Salaam. Kumbe ni nywele zenyewe. Nywele zetu za kipilipili hujipinda. Ukizikata chini sana, ncha iliyochongoka hurudi na kuchoma ngozi, kisha mwili unapambana nayo kama mwiba. Mashine zenye nyembe nyingi huzidisha jambo hilo. Ile ya nyembe mbili ilitoka mwaka 1971, na kufikia 2006 zilikuwa zimefika tano kwenye kichwa kimoja. Hesabu yake ni kwamba wembe wa kwanza unavuta unywele, wa nyuma unaukata, na kisiki kinazama chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hiyo ni raha. Kwangu mimi ilikuwa mateso ya kila Jumatatu.

Mpwa wangu ni mfanyabiashara wa nguo Kariakoo, na kila baada ya miezi kadhaa hupanda ndege kwenda Istanbul kufuata mzigo. Safari moja alinitolea kwenye begi kitu kilichofungwa kwa karatasi, mfano wa mshumaa mnene uliokatwa. "Mjomba, hii ndiyo wazee wa kule wananyolea." Ilikuwa Arko, sabuni ya kunyolea ya kampuni ya Evyap, Waturuki walioanza kazi mwaka 1927. Kipande kina gramu 75. Bei aliyonitajia haikufika ya sahani ya chipsi mayai.

Nikaitafuta mashine ya chuma ya marehemu baba, ile ya wembe mmoja unaobanwa kati ya vibati viwili. Umbo lake halijabadilika sana tangu King Camp Gillette alipopata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1904. Mwaka uliotangulia, wa kwanza wa biashara yake, alikuwa ameuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Wembe wake ungali unapatikana dukani kwa Mangi pale mtaani, pakiti ndogo ya karatasi, na mmoja unanitosha kunyoa mara nne au tano.

Siku ya kwanza niliharibu. Nililoweka brashi, nikasugua sabuni kidevuni, nikazungusha, na badala ya povu nikapata vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Vilikauka usoni kabla sijaanza kunyoa. Nikailaumu sabuni, nikaitupa kabatini. Ilichukua wiki nzima kutambua kwamba kosa lilikuwa la maji. Kwetu tunatumia kisima, na maji ya kisima chetu ni magumu: yana kalisi na magnesi, na madini hayo yakikutana na sabuni hugeuka utando usioyeyuka. Mama yeyote aliyefua kwa maji hayo anaujua utando huo pembeni mwa beseni. Nikasubiri mvua, nikakinga pipa chini ya mchirizi wa bati, nikajaribu tena.

Hapo ndipo nilipoona. Nilikung'uta brashi hadi ikabaki na unyevu tu, nikapitisha kile kipande cha sabuni juu ya ndevu zilizolowa, kuelekea chini na kuelekea juu, mpaka kidevu kikawa na utelezi. Kisha brashi, kwa duara, bila haraka. Mwanzoni ni mapovu makubwa kama ya kufulia, haya hayana kazi. Ukiongeza matone mawili matatu ya maji kwa ncha ya brashi na kuendelea kuzungusha, mapovu yanapungua ukubwa, yanasongamana, yanang'aa. Baada ya dakika mbili hivi huoni tena povu moja moja. Unaona kitu kama mtindi mzito, kinachosimama wima brashi ikiinuliwa. Harufu yake ni kali kiasi, ya ndimu na mchaichai, ila ikishaoshwa huisikii tena.

Siri yake iko kwenye mapishi. Sabuni ya mche ya kufulia hupikwa kwa soda ya kostiki, nayo hutoa kipande kigumu na povu jepesi. Sabuni ya kunyolea huongezewa potasi, ile chumvi iliyojaa kwenye majivu ya maganda ya ndizi, na potasi huifanya iyeyuke upesi kwenye maji kidogo. Kisha kuna shahamu, mafuta ya mnyama, na asidi ya steariki. Hizo ndizo zinazolipa povu uzito, na kulifanya likae usoni na kuushikilia unyevu wakati unywele unaendelea kulainika. Vitu hivyo si ghali. Truefitt & Hill wa London, walioanza unyozi mwaka 1805, wanauza sabuni yao kwenye bakuli la mbao, na bei yake ni ya kumsomesha mtoto wa chekechea. Niliwahi kupewa zawadi ya sabuni ya namna hiyo. Inanukia vizuri sana, tena ngozi inabaki laini kuliko kwa hii yangu. Arko hukausha kidogo, nami hujipaka mafuta ya nazi nikimaliza. Lakini wembe ukishagusa povu, sikuona tofauti.

Nanyoa kufuata nywele zinakoelekea, na chini ya taya mimi zangu zinaelekea pembeni, jambo ambalo sikuwa nalijua kwa miaka ishirini. Mkono hausukumi, uzito wa chuma unatosha. Unasikia mkwaruzo mdogo, kama mtu anayekuna nazi nyumba ya tatu. Mwisho ni maji baridi na shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi wa pwani walifunga nalo damu miaka nenda rudi. Baada ya wiki sita vipele vya shingoni vilikuwa vimekauka. Vimebaki viwili, upande wa kushoto, navyo vinapungua.

Jumamosi iliyopita niliichukua sabuni hadi kwa kinyozi wangu Magomeni. Kijana hana miaka thelathini. Ameikuta kazi ikiwa ni ya mashine ya umeme na spiriti, kwa sababu kampeni za UKIMWI zilitufundisha sote kuogopa kuchangia vitu vyenye ncha kali, na zilikuwa na haki. Brashi hakuwahi kuishika.

"Shikamoo mzee. Hii si ya kufulia hii?"

"Marahaba. Hebu lete maji."

Nilikuwa nimekuja na wembe wangu mpya kwenye karatasi yake, pamoja na chupa ya maji ya mvua. Nikamwelekeza. Mara ya kwanza alitia maji mengi, povu likamtiririkia kiganjani. Mara ya pili likakaa. Wateja wawili waliokuwa wakitazama mpira waliacha kutazama. Mmoja, mwenye shingo kama yangu ya zamani, alisogeza kiti.

"Mzee wangu, hii inauzwa wapi?"

Hapa jijini sijaiona dukani. Nikaomba kisu, nikakikata kile kipande katikati, nusu nikamwachia pamoja na ile chupa.