Kurasa Tano za Mtu Asiyetaka Kitu

Swali limekuja tena, safari hii kutoka kwa kijana anayeandaa kampeni yake ya kwanza ya Dungeons & Dragons: historia ya NPC iwe na kurasa ngapi ili wachezaji wamchukulie kwa uzito? Aliyemtangulia alitaka kujua kama kurasa mbili zinatosha. Aliyemtangulia huyo naye alikuwa ameandika tano, na alilalamika kwamba wachezaji walimpita mhusika wake langoni bila hata salamu.

Jibu ni sifuri. Kurasa sifuri. Wachezaji wale hawakuwa na utovu wa adabu: walikutana na mtu asiyetaka kitu, wakampita, kama wewe unavyowapita watu wa namna hiyo kila siku.

Sitaeleza mchezo wenyewe. Unajua kwamba kila mchezaji anamsemea mhusika mmoja, na msimamizi anawasemea wengine wote, kuanzia mfalme hadi mchunga punda. Hao wengine ndio NPC. Ninachotaka kukizika leo ni imani moja iliyong'ang'ania vichwani mwa wasimamizi, kwamba mhusika mwenye kina ni mhusika mwenye historia ndefu.

Imani hii imeazimwa kwenye riwaya, na kwenye riwaya ina maana. Mwandishi ndiye anayeamua msomaji akutane na nani, lini, na asikie nini. Mezani huna mamlaka hayo. Umemwandalia malkia kurasa saba. Wachezaji wameamua kukaa jioni nzima na kijana wa zizini kwa sababu amewachekesha. Hata wakimfikia malkia, tupige hesabu. Kikao ni cha saa nne. Toa mapigano, toa ubishi wa kugawana mali, toa chai. Malkia akipata dakika kumi ameheshimiwa. Kurasa saba zitatokea wapi ndani ya dakika kumi? Zina njia moja tu: malkia asimame ahutubie, na wachezaji washike simu zao. Na zile siri nzito za utotoni ulizomfichia, ambazo hakuna swali la mchezaji linaloweza kuzifukua, zinabaki kwenye daftari lako. Mficha uchi hazai.

Lakini muda si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kwamba historia haikusaidii kuamua. Tumchukue Mzee Kombo, mshika funguo wa lango la bandari katika mji wowote wa njozi unaoupenda. Historia yake: alizaliwa milimani, wazazi wake waliuawa na mazimwi, akaingia jeshini, akapoteza jicho katika mzingiro, mkewe akafa, akaapa kutopenda tena. Inatia huzuni. Sasa ni usiku, wachezaji wamefika. Mmoja anaweka sarafu mbili za dhahabu mezani. Wa pili ameshaanza kuparamia ukuta. Wa tatu anauliza, "Mzee, leo nani mwingine kapita hapa?" Haya, msimamizi, Mzee Kombo anafanya nini? Pekua kurasa zako. Mazimwi hawana jibu. Jicho halina jibu. Utabuni chochote papo hapo, na kitakuwa kilekile ambacho angefanya mlinzi yeyote.

Futa yote hayo, uandike mistari mitatu. Anataka zamu iishe bila tukio la kuandikwa daftarini, maana kesho mkubwa wake anakuja kukagua. Anaogopa kufukuzwa, kwa kuwa chumba anacholala ni cha lango. Hatakubali kamwe silaha iingie mjini bila kufungwa.

Rudi kwa wachezaji wale wale. Dhahabu anaichukua, kwa sharti kwamba majina yao hayaandikwi na hawakuonana naye. Yule wa ukutani hampigii filimbi, kwa sababu filimbi ni taarifa, anatoka nje na taa, anamnong'oneza kwa hasira, "Shuka wewe, utaniponza!" Anayeuliza nani kapita anafunguliwa daftari, lakini kiganja cha mzee kimefunika mstari mmoja, na ukiutazama mkono huo unaelewa kwamba hao si wa kwanza kutoa dhahabu leo. Upanga ukichomolewa, mzee huyu mwoga anakuwa mtu mwingine kabisa. Wachezaji watamkumbuka, na wakirudi mjini watamuulizia. Hajasema neno hata moja kuhusu mazimwi.

Hapo watu hunitajia Strahd. Kila mara! "Mbona Strahd ana historia ndefu na ndiye NPC maarufu kuliko wote?" Vizuri, tufungue kitabu chake chenyewe, Ravenloft, kile cha Tracy na Laura Hickman cha mwaka 1983. Ni kweli, mnyonya damu huyo ana mkasa wa mapenzi na mauaji nyuma yake. Lakini tazama walichofanya watunzi: kabla ya mchezo kushika kasi, karata hupigwa, na karata hizo ndizo zinazoamua Strahd anataka nini safari hii. Huenda anamtaka Ireena Kolyana. Huenda ana shabaha nyingine kabisa. Historia ni ileile, na mchezo unabadilika kwa sababu shabaha imebadilika. Waliomtunga Strahd walijua kwamba kinachoendesha usiku ni matakwa yake, na mkasa wake wakautumia kuipa shabaha hiyo ladha. Wanaomwiga wamechukua ladha wakaacha chakula.

Ukitaka ushahidi wa upande wa pili, nenda kwenye The Keep on the Borderlands, kitabu cha Gary Gygax kilichofundisha maelfu ya watu mchezo huu kuelekea miaka ya 1980. Watu wa ngome ile hawana hata majina. Mmoja wao ni kasisi mgeni, mcheshi, anayependwa na kila mtu, mwepesi wa kumimina mvinyo na hodari wa michezo ya mezani. Ana wanafunzi wawili wasiosema. Mwenyewe anadai wana nadhiri ya ukimya. Wachezaji wakienda mapangoni, atajitolea kufuatana nao. Na mambo yakiwa mabaya kweli, atawageuka, maana muda wote alikuwa jasusi wa upande wa pili. Huelezwi alizaliwa wapi wala nani alimkosea utotoni. Unaelezwa anafanya nini na lini. Msimamizi wa leo anaweza kumchukua kasisi huyo bila kuongeza kitu, na meza nzima ikapiga kelele siku atakapogeuka.

Dawa mpya ya uganga iliyoingia sokoni ni akili mnemba. "Nimeiomba programu iniandikie historia za watu hamsini wa mji wangu." Hongera, sasa una yatima hamsini wenye kovu. Ugonjwa ulikuwa maandishi mengi yasiyotumika, na tiba uliyonunua ni maandishi mengi zaidi, kwa kasi. Wala usinikimbilie na orodha za maswali mia moja, rangi anayoipenda mhusika na ndoto aliyoota akiwa mtoto. Kuzijaza kunakupa raha ya kufanya kazi bila kufanya kazi.

Na historia ndefu ina madhara mengine ambayo hayasemwi: inakufanya umpende mtu wako kupita kiasi. Umemlea wiki tatu, hutaki afe kikao cha kwanza kwa mshale wa bahati. Basi mshale unakosa kimiujiza, mlango wa siri unafunguka, adui anatoroka huku wachezaji wakitazamana. Hawataamini dadu zako tena.

Yaliyopita yana nafasi moja: pale yalipoacha deni linalodaiwa usiku huu. Kama Mzee Kombo aliwahi kuokolewa na baba wa mmoja wa wachezaji, andika sentensi hiyo, kwa sababu inaweza kufungua lango.

Sasa fanya hivi. Kila NPC mpe mistari mitatu: anataka nini leo, anaogopa nini, hatakubali nini. Andaa orodha ya majina kumi na tano ubandike mbele yako, ili kijana wa zizini akiulizwa jina usipate kigugumizi. Hujui watu waliokutana njiani watawapokeaje wachezaji? Tumia kanuni ya sanduku la Basic la 1981: rusha dadu mbili za pande sita, 2 ni shambulio la papo hapo, 12 ni urafiki wa moyo mweupe, 6 hadi 8 bado hawajaamua. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 16 yako hapo katikati, ndiyo maana mazungumzo yana thamani. Sanduku hilohilo lina kipimo cha ari, 2 hadi 12: anapoanguka adui wa kwanza, na tena nusu yao wakiwa chini, rusha dadu mbili, ukizidi kipimo, wanakimbia au wanasalimu amri. Maadui wanaojua kuogopa tayari ni watu. Ukipenda tabia ziwe na namba, soma mchezo wa Pendragon wa 1985, wenye jozi 13 kama huruma na ukatili, kila jozi ikijumlika kuwa 20. Kutoka mchezo wa Apocalypse World wa 2010, chukua pembetatu: NPC mmoja atake jambo moja kwa mchezaji huyu na jambo linalopingana nalo kwa mchezaji yule, kisha ukae pembeni uwasikilize wakigombana. Vipengele kumi vya kumjenga NPC vya mwongozo wa msimamizi wa D&D wa 2014 watengee watu wawili watatu wa kampeni nzima. Sauti za kuigiza si lazima. Matthew Mercer, msimamizi maarufu, ni mwigizaji wa sauti kwa kazi, wewe tafuta ishara moja ya mkono na uirudie. Siri yoyote iwe na angalau njia mbili za kufichuka, la sivyo ifute.

Kikao kikiisha, ndipo uandike. Andika Mzee Kombo alichofanya, alichoahidi, aliyemdanganya. Baada ya miezi sita utakuwa na zile kurasa tano ulizozitamani, na kila mtu mezani atakuwa anazijua bila kusomewa.