Kitenzi Kilichokaa Udongoni

Kiakadi, lugha ya Babeli na Ashuru katika Iraki ya leo, kilikwisha kusemwa zamani, lakini kitenzi chake šaṭāru, yaani kuandika, bado tunaweza kukipitisha katika nafsi na njeo zake bila kubahatisha. Mzizi ni konsonanti tatu: š (isomwe sh), ṭ na r. Kilichobaki ni kazi ya irabu na viambishi. Išṭur ni aliandika; išaṭṭar, kwa kukaza konsonanti ya kati, ni anaandika au ataandika; ištaṭar ni ameandika. Nafsi hutangulia kama kwetu: ašṭur, niliandika, nišṭur, tuliandika. Na i- ya nafsi ya tatu katika Kibabeli, lahaja ya Kiakadi, haibagui mwanamume na mwanamke, jambo lisilomshangaza Mswahili hata kidogo. Kauli nazo zimo: iššaṭir, iliandikwa, ušašṭir, aliandikisha.

Mtu atauliza: irabu hizo nani kazisikia? Swali la haki, maana Kiarabu na Kiebrania, ndugu zake Kiakadi, kwa kawaida huandikwa bila irabu fupi. Jibu limo katika kibao cha udongo chenyewe. Karani alipogandamiza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, alama nyingi zilibeba silabi nzima: i-ša-aṭ-ṭa-ar. Kweli, mara nyingi alifupisha akaandika i-ša-ṭar, mkazo usionekane. Lakini vibao ni maelfu kwa maelfu, na alichoacha mmoja mwenzake kakiandika. Kwa maoni yangu ugumu hasa uko kwenye konsonanti, kwani mwishoni mwa silabi alama moja ilitumika kwa d, t na ṭ. Hapo shahidi ni Kiarabu, chenye saṭara, kuandika, kwa t nzito. Mzizi huohuo ndio uliotupa mstari. Wapo wanaosema Kiarabu kiliukopa kupitia Kiaramu. Na iwe hivyo: mkopaji naye alipokea sauti aliyoisikia, kwa hiyo ushahidi hauanguki.

Anayeshuku kwamba wataalamu wamejitungia lugha akumbuke mwaka 1857. Wataalamu wanne, Rawlinson, Hincks, Talbot na Oppert, walitafsiri, kila mmoja peke yake, maandishi ya Tiglath-Pileser wa Kwanza, mfalme wa Ashuru, wakazifunga tafsiri zao katika bahasha. Bahasha zilipofunguliwa London, tafsiri zilikubaliana katika mambo ya msingi. Kamusi kubwa ya Kiakadi, iliyoanzwa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1921, ilichukua karibu miaka 90 kukamilika. Juzuu zake zinasomwa bure mtandaoni. Mwenye shaka na šaṭāru aifungue ya herufi Š.