Upasuaji wa kuupa uso sura ya kike: Kwa nini kugusa paji hubadili mwonekano wa pua?

Tunapomtazama mtu, hatuhesabu pua, taya na kidevu kimoja kimoja. Jicho huuchukua uso wote kwa pamoja. Kwa hiyo upasuaji wa kuupa uso sura ya kike, unaofanywa zaidi kwa wanawake waliozaliwa na maumbile ya kiume, huanza na kupima uwiano kabla ya kisu.

Kwa nini mifupa iguswe?

Wakati wa balehe, homoni ya testosteroni hukuza mfupa ulio juu ya macho, taya na kidevu. Dawa za homoni zinazotumiwa ukubwani huweza kulainisha ngozi na kuongeza mafuta mashavuni, lakini hazipunguzi mfupa uliokwisha kukua.

Mwaka 1982, Daktari Douglas Ousterhout wa San Francisco, Marekani, bingwa wa upasuaji wa fuvu na uso, aliombwa kufanya kazi hiyo. Alirudi kwanza kwenye mafuvu ya wanaume na wanawake na vipimo vyake, ili ajue tofauti ziko wapi. Paji la uso likawa msingi wa kazi yake.

Paji, macho na pua

Nyuma ya mfupa wa juu ya nyusi kuna uwazi wenye hewa. Mfupa huo ukisuguliwa mno, hutoboka. Kwa wagonjwa wengi, daktari hukata ukuta wake wa mbele, huusogeza nyuma, kisha huushikiza kwa skrubu ndogo.

Baada ya hapo macho huonekana wazi zaidi, ingawa hayakuguswa. Pua nayo huonekana kuchomoza zaidi, kwa sababu mfupa uliokuwa juu yake umerudi nyuma. Ndiyo sababu paji na pua mara nyingi hupangwa pamoja.

Theluthi tatu za uso

Tangu enzi za Leonardo da Vinci, wachoraji wa Ulaya waliugawa uso mara tatu: kutoka mwanzo wa nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, na chini ya pua hadi kidevuni. Madaktari nao hutumia mgawanyo huo.

Mstari wa nywele ukishushwa, theluthi ya juu hufupika, na kidevu kilekile huanza kuonekana kirefu. Pembe za taya zikipunguzwa huku kidevu kikiachwa, kidevu huonekana kipana kuliko awali.

Mipaka yake

Ngozi haipungui pamoja na mfupa, hivyo huweza kulegea, hasa kwa wenye umri mkubwa. Mshipa wa fahamu wa kidevu na mdomo wa chini hupita ndani ya mfupa wa taya. Ukijeruhiwa, mtu hubaki na ganzi. Na mfupa uliotolewa haurudi.

Tukumbuke pia kwamba theluthi tatu ni mwongozo tu. Nyuso hutofautiana kwa ukoo na kwa asili, na kipimo cha wachoraji wa Ulaya hakitoshi kila uso.

Kwa anayefikiria upasuaji huu, swali la kwanza kwa daktari liwe hili: ukigusa hapa, kwingine kutaonekanaje?