Wakati wa kutibu mataya yasiyolingana kwa watoto

Mataya yasiyolingana ni hali ambapo taya la juu na taya la chini hayakutani vizuri mtu anapofunga mdomo, kwa sababu moja ni refu, fupi, pana au jembamba kuliko lingine. Hali hiyo ni tofauti na meno yaliyopindana tu. Meno yanaweza kunyooshwa hata utu uzimani, mradi fizi na mifupa ni mizima. Mfupa wa taya, kinyume chake, huongozwa kwa urahisi wakati bado unakua. Ndiyo maana katika othodontia, yaani tiba ya kupanga meno na mataya, kuchagua wakati wa kuanza ni muhimu sawa na kuchagua kifaa.

Ukuaji wa mataya

Taya la juu hukua hasa kwenye mishono, yaani mahali mifupa ya uso inapoungana. Mshono wa katikati ya kaakaa huwa haujakaza utotoni, kisha hushikana polepole wakati wa ujana. Taya la chini hukua hasa kwenye ncha zake mbili zilizo karibu na masikio, na huendelea kukua baada ya taya la juu kupunguza kasi.

Wakati wa kubalehe taya la chini huongeza kasi ya kukua. Kwa kawaida wasichana huwatangulia wavulana kwa miaka miwili hivi. Hivyo umri peke yake hautoshi: kati ya wanafunzi wawili wenye miaka 12, mmoja anaweza kuwa amepita kipindi hicho na mwingine hajakianza. Daktari hukadiria hatua ya ukuaji kwa kupima urefu mara kwa mara, kuangalia dalili za balehe, na pengine kwa picha ya eksirei ya kiganja au ya pingili za shingo.

Aina za kasoro na wakati wake

Taya la juu jembamba. Magego ya juu hufunga kwa ndani ya yale ya chini. Mtoto akilazimika kusogeza taya upande mmoja ili afunge mdomo, tiba huanza mapema, mara nyingi kati ya miaka 7 na 10. Hutumika kifaa cha kupanua kaakaa chenye skrubu inayozungushwa kwa ufunguo mdogo. Mshono ukishakaza, upanuzi huo unaweza kuhitaji upasuaji.

Taya la chini fupi. Meno ya juu huonekana yamechomoza. Zamani wengi waliamini kwamba kuanza mapema ni bora daima. Majaribio yaliyofanyika Marekani (North Carolina na Florida) na Uingereza yaliwalinganisha watoto waliotibiwa kabla ya kubalehe na wale waliosubiri. Mwishoni mataya ya makundi hayo yalikaribia kufanana, ila walioanza mapema walitumia muda mrefu zaidi katika matibabu. Faida moja ilibaki: waliowahi walipata majeraha machache zaidi ya meno ya mbele. Kwa hiyo wengi hushauriwa kusubiri hadi karibu na balehe, isipokuwa meno yamechomoza kiasi cha kuweza kuvunjika kwa urahisi au mtoto anateseka kwa kuchekwa na wenzake. Kifaa kinachotumika sana ni kile cha vipande viwili kilichobuniwa na William Clark wa Uskoti mwaka 1977, ambacho hulishikilia taya la chini mbele.

Taya la chini lililotangulia, au la juu lililobaki nyuma. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Mfano mashuhuri ni ukoo wa kifalme wa Habsburg. Hapa kuchelewa kuna hasara. Taya la juu huvutwa mbele kwa kinyago cha uso chenye mipira, na matokeo huwa bora kabla ya miaka 10 hivi. Katika jaribio moja la Uingereza, miaka sita baadaye thuluthi moja hivi ya waliotibiwa mapema walionekana kuhitaji upasuaji, ikilinganishwa na thuluthi mbili ya wasiotibiwa. Hata hivyo taya la chini linaweza kuendelea kutangulia, hivyo mtoto hufuatiliwa hadi ukuaji uishe. Upasuaji ukihitajika, kwa kawaida husubiri mwisho wa ukuaji huo, ambao kwa wavulana huchelewa zaidi.

Uchunguzi wa kwanza

Chama cha madaktari wa othodontia cha Marekani hupendekeza mtoto achunguzwe kabla ya kupita miaka 7. Kuchunguzwa si lazima kuwe mwanzo wa tiba: mara nyingi jibu huwa ni kusubiri na kurudi baada ya miezi kadhaa. Dalili zinazofaa kumpeleka mtoto mapema ni meno ya chini kufunga mbele ya yale ya juu, taya kwenda upande wakati wa kuuma, na meno ya mbele kuchomoza sana.