DENI LA MIAKA HAMSINI

Mfanyakazi yeyote ajua uchungu wa kuahidiwa ujira kamili na kulipwa nusu. Huko Marekani watoto wenye ulemavu wamefanyiwa hivyo tangu tarehe 29 Novemba 1975, siku Rais Gerald Ford alipotia sahihi sheria ya kumpa kila mmoja wao elimu ya bure katika shule ya umma. Kabla ya hapo watoto zaidi ya milioni moja walikuwa wamefungiwa mlango kabisa. Sheria ilikuwa njema, nasi hatuoni haya kuisifu.

Lakini tutazame fedha. Bunge la nchi ile liliahidi kwamba Serikali Kuu itachangia, kwa kila mtoto wa namna hiyo, hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama za kumsomesha mwanafunzi mmoja nchini. Ford mwenyewe alionya kwamba ahadi hiyo yapita uwezo. Nusu karne imekwisha, na kiasi hicho hakijafikiwa hata mwaka mmoja.

Haki, hata hivyo, ingali palepale. Asiyesikia adai mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeweza kutembea adai gari la kumchukua. Na wilaya yalazimika kuwapa. Wilaya hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi. Ya matajiri hulipa bila jasho. Ya maskini hubana masomo mengine, na wazazi huanza kutazamana kwa jicho baya, kana kwamba wao ndio waliokopa.