Tairi la Bodaboda: Lini Lizibwe, Lini Libadilishwe

Katika kata nyingi, bodaboda ndiyo usafiri wa mjamzito anayewahi zahanati, mwanafunzi aliyechelewa shule na mkulima anayepeleka mazao mnadani. Abiria hao hawana nafasi ya kukagua tairi kabla ya kupanda, humwamini dereva. Dereva naye huahirisha kununua tairi kwa sababu hesabu ya mwenye pikipiki haisubiri. Msimu wa masika unapokaribia, ni vyema madereva na wamiliki wakafahamu ni wakati gani kuziba kunatosha na ni wakati gani hakutoshi.

Dalili za tairi lililokwisha

Kazi ya kashata ni kupitisha maji na tope ili mpira uendelee kuishika barabara. Kashata zikiisha, maji hubaki chini ya tairi na gurudumu huteleza dereva anapofunga breki. Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo vya mpira, na mahali vilipo huoneshwa ubavuni kwa herufi TWI au kwa pembetatu ndogo. Uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Tairi lenye uvimbe, nyuzi zilizojitokeza au nyufa ubavuni hubadilishwa hata kama kashata zake bado ni ndefu. Kuchonga kashata upya kwa kisu hakurudishi mpira uliokwisha. Hupunguza unene uliobaki.

Pancha ya kuziba na isiyozibika

Tundu dogo la msumari katika tairi lenye tyubu huzibwa, mradi msumari utafutwe na kuondolewa kwanza. Tyubu iliyochanika kwenye shina la valvu au yenye viraka vilivyopandana hubadilishwa. Kwa tairi lisilotumia tyubu, tundu la ubavuni halizibwi, kwa kuwa sehemu hiyo hukunjika kila gurudumu linapozunguka na kiraka hakidumu.

Wakati wa kununua na kufunga

Ukubwa wa tairi huandikwa ubavuni. Mfano, 2.75-17 kwa tairi la mbele na 3.00-17 kwa la nyuma: namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha ringi, zote kwa inchi. Tairi la nyuma huisha mapema kwa sababu ndilo linalosukuma pikipiki na kubeba uzito wa abiria, lakini la nyuma lililochakaa halifai kuhamishiwa mbele. Tarakimu nne za mwisho katika mstari wa DOT huonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2421 ni wiki ya 24 ya mwaka 2021.

Mshale wa ubavuni uelekee upande gurudumu linakozungukia. Fundi akague ukanda unaofunika vichwa vya spoki na aijaze tyubu upepo kidogo kabla ya kuiingiza, isije ikabanwa na ringi. Baada ya kufunga, mnyororo na breki hukaguliwa. Tairi jipya huteleza, hivyo mwendo uwe wa taratibu kwa kilomita 100 za mwanzo. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa limepoa.

Gharama ni ya nani?

Mkataba usipotaja tairi, mwenye pikipiki humtazama dereva, dereva humsubiri mwenye pikipiki, na tairi kipara huendelea kubeba abiria. Pande zote mbili zinashauriwa kuandika nani atanunua tairi, au kiasi gani kitengwe kutoka katika hesabu kwa kazi hiyo. Vikundi vya vijana vinavyoomba mkopo usio na riba, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, viingize gharama za matairi katika andiko la mradi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hutoa maelekezo.

Matairi ya zamani yasitupwe mitaroni wala kuchomwa. Maji yanayotuama ndani yake huzalisha mbu waenezao homa ya dengi. Yahifadhiwe mahali pakavu penye paa.